Ploti Iliyochipua

Asubuhi hiyo Priscah alikuwa amepiga magoti katika chumba cha mwisho cha ploti yao ya vyumba vya kupangisha pale Sosiot, mtoto mgongoni, akipaka ukuta kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu. Alipotoka kuchota maji, alikuta kando ya chumba hicho kumechipua kingine. Kilikuwa na mlango, dirisha na mabati, vyote bado laini na vya kijani kibichi kama majani machanga ya chai baada ya mvua. Alikigusa kwa kidole. Kikabonyea kidogo.

Okeyo, mpangaji wake aliyefanya kazi kiwanda cha chai, alikuwa akipiga mswaki mlangoni kwake.

"Mama Chebet, hicho kimetoka lini?"

"Jana jioni hakikuwako."

"Ndugu yangu anatafuta nyumba. Kikikauka usimpe mtu mwingine."

"Aje, lakini bila redio. Yako inatutosha."

Hivyo ndivyo ploti ilivyokua. Vyumba vya kwanza Priscah alivijenga kwa pesa ya kuchuma chai ya watu na kuuza maziwa, akikandika kila ukuta mwenyewe. Vilivyofuata viliota vyenyewe, pale mikono yake ilipopita. Watu wa sokoni hawakuwa na neno. Walichouliza ni kama choo kiko karibu. Priscah naye alikuwa na mpango wake. Chumba kitakachoota upande wa barabara kingekuwa chake, aweke cherehani, na kodi ya vile vingine isomeshe watoto.

Ila ardhi ilikuwa kwa jina la mumewe, Kimutai, aliyeipata kwa babake, na hati ililala chini ya godoro, upande wa Kimutai.

Siku moja Kimutai alirudi kutoka Kericho na viatu vipya na elimu mpya.

"Chumba kikiota, thamani ya ploti inapanda," alimweleza huku akimega ugali. "Ikipanda, ile sehemu ambayo benki haidai inakuwa kubwa. Hiyo ndiyo unakopea. Nyumba inazaa pesa na bado imesimama pale pale."

"Inazaa pesa ya nani?"

"Yetu," alisema Kimutai, akaomba mboga zaidi.

Alinunua pikapu. Chumba kingine kilipoota alikopa tena, akanunua ya pili, maana ile ya kwanza ilikuwa imekufa gia na kuku walikuwa wanataga ndani yake.

Benki ilitaka kibali cha bodi ya ardhi, na bodi ilitaka mke asimame mbele yake akubali kwa mdomo wake. Priscah hakuambiwa. Alichoona ni kwamba kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, kile chenye maua mekundu, kilitoweka asubuhi na kurudi jioni kikinukia mafuta ya nywele asiyoyatumia.

Akello, mke wa Okeyo, ndiye aliyemwambia wakifua nguo.

"Nilikuona kwa bodi, mama. Lakini hukuwa wewe. Kitambaa kilikuwa chako, kichwa hapana. Akatia kidole gumba."

Priscah aliacha kufua. "Mimi huandika jina langu. Sikukaa kwenye kisomo cha ngumbaru jioni zote hizo, mtoto akinyonya, ndio mtu aje anitilie kidole."

Alikwenda kwa Mzee Kipkoech, mwenyekiti wa bodi, aliyekula nyama ya harusi yake.

"Baba, unanijua?"

"Tangu ulipoletwa hapa."

"Yule aliyesimama mbele yenu alikuwa mimi?"

Mzee alikoroga chai yake. "Alikuja na mumeo. Alivaa kitambaa chako. Sasa tungemwuliza nini?"

"Jina lake."

"Tulimwuliza. Alisema Priscah."

Alirudi nyumbani. Akachukua kisu cha kupogolea chai, akakikata kile chumba kichanga kilichoota mwisho, ambacho hakijaingia mtu, akakishusha hadi usawa wa goti. Kama hakimfai yeye, kisimfae yeyote. Hasira ilimsahaulisha kazi aliyoifanya tangu usichana: chai haikatwi ili ife. Mvua iliponyesha, pale pale pa kisu vilichipua vyumba vitatu, kimoja kikitazama barabara.

"Umepogoa vizuri, mke wangu," alisema Kimutai. Juma hilo hilo akavikopea vyote vitatu, na kitambaa kikatoweka tena.

Pikapu ya pili ilipokufa hakukuwa na wa kulipa benki. Dalali alikuja na futi ya kupimia. Kimutai alifuatana naye, na Mzee Kipkoech, na yule mwanamke mwenye kitambaa cha maua, kwa kuwa dalali alitaka wenye nyumba wote wawepo. Priscah alikuwa katika chumba cha barabarani, mtoto mgongoni, akipaka ukuta.

"Na huyu?" dalali aliuliza.

"Hupaka," alisema Kimutai.

Mzee Kipkoech alitazama viatu vyake.

"Mama, sogea kidogo, tunapima."

Priscah alibandika viganja vyote viwili kwenye ukuta mbichi. "Pimeni."

Wakapima. Futi ilifuata ukuta, ikapita juu ya mgongo wake na wa mtoto, ikarudi ukutani. Mwanamke wa kitambaa aliulizwa kama anakubali, akasema anakubali. Chini ya viganja vya Priscah ukuta ukaanza kuchipua, na dalali, aliyekuwa na haraka ya minada mingine Kabianga, akaongeza bei.