Anachofungua Mzee

Mwizi aliingia kwenye kompyuta za duka la miwani kwa nenosiri moja la duka zima, ambalo hata muuza maji wa mlangoni alilijua. Tangu siku hiyo binti wa mwenye duka hakutaka tena masihara. Alimleta fundi wa mitandao na utaratibu mpya: haaminiwi mtu kwa sura wala kwa cheo. Kila mmoja atafungua kile tu kinachohitajika kwa kazi yake, na kila mara atathibitisha kwa simu kwamba ni yeye.

Fundi akazunguka akiuliza. Mpima macho alitaja mafaili ya wateja. Mkata lenzi alitaja oda. Binti alitaja benki, stoo na mishahara.

"Na wewe, mzee, kwa siku unafungua nini?"

Mzee, aliyelianzisha duka hilo kwa meza moja na kioo cha kuazima, alijikuna kidevu.

"Huyo mwekee vyote," binti alisema bila kuinua macho. "Ni Baba."

"Utaratibu uliutaka mwenyewe, dada," fundi alisema.

Binti akaendelea kuandika.

"Asubuhi nawasha taa," mzee alisema.

Fundi alisubiri kidogo, labda kuna jingine, kisha akahamia meza nyingine bila kumwandikia kitu.

Kesho yake mzee alifika wa kwanza, kama kawaida. Hakuwa na hasira. Hakuwa na lolote. Alipapasa ukuta gizani, akabonyeza swichi. Taa zikawaka zote, bila kumuuliza yeye ni nani.