Kifaa cha Nne

Jamani, mtasema nimetia chumvi, ila hapa sijaongeza hata punje. Lilitokea mchana kweupe, ukumbi umejaa watu, na simu hii ninayoandikia ndiyo ilikuwa mkononi mwangu.

Timu yetu ina roboti tunayoiita Shangazi, maana inakwenda taratibu na haipitwi na kitu. Aliiunda dada yangu. Ruta, kile kisanduku cha kurusha mtandao, aliipanga yeye, na nywila aliiweka yeye. Alipofariki mwaka jana, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuibadilisha. Kila tukiiandika ni kama tunamwita.

Siku ya mashindano ya roboti Shangazi akaanza kugandaganda. Unabonyeza mbele, anafikiria kwanza, ndipo anakwenda. Nusu fainali tulipita kwa kudra tu.

"Dogo, bado tuko kwenye masafa ya gigahezi mbili nukta nne?" Kapteni akaniuliza. Mtandao ni kazi yangu.

"Ndiyo. Dada alisema inapenya kuta."

"Humu kuta ziko wapi? Simu zote za ukumbi zimebanana huko huko! Hamia tano. Haifiki mbali, lakini Shangazi si yupo hapo tu?"

Nikafungua mipangilio ya ruta. Vifaa vilivyounganishwa: kompyuta ya Kapteni, simu yangu, Shangazi. Na chini kabisa, Malkia wa Nyaya.

Hiyo ni simu ya dada. Jina alijipa mwenyewe.

Nikampigia mama.

"Mama, simu ya dada iko wapi?"

"Kabatini, nimeifunga kwenye mtandio wake. Betri ilivimba nikaitupa. Kwani vipi, mwanangu?"

"Hamna kitu, mama."

Kapteni akachungulia. "Utani wako peleka kwenu, Dogo."

"Naapa siyo mimi!"

Akaisoma tena ile orodha. "Basi hamisha. Simu yake ilikuwa kuukuu, tano haiioni kabisa. Itajitoa yenyewe."

Itajitoa yenyewe. Neno hilo likanichoma, lakini nikabonyeza Hifadhi. Taa za ruta zikazima, zikawaka. Vifaa vikarudi kimoja kimoja: kompyuta, simu yangu, Shangazi. Tukajaribu. Mbele, nyuma, kamata, achia. Shangazi mwepesi kama kapungua kilo! Kapteni akacheka, na mimi nikacheka.

Halafu jina la nne likajitokeza.

Malkia wa Nyaya. Kwenye masafa ambayo simu ile haikuwahi kuyaona hata ilipokuwa nzima.

Shangazi akageuka polepole, magurudumu yakilia, mpaka akanielekea.

"Kapteni, acha rimoti."

"Rimoti iko mezani, Dogo."

Shangazi akainua mkono mara mbili. Ndivyo dada alivyokuwa akimwamuru anisalimie kila nikiingia karakana.

Wakati huohuo jaji akawa anakuja kukagua ruta. Sheria yao iko wazi: kikionekana kifaa kisicho cha timu, mnatolewa. Na fainali ndiyo kitu ambacho dada alikuwa akikiongelea mpaka kitandani hospitali, "Shangazi wangu lazima afike fainali."

"Mzuie!" Kapteni akaninong'oneza. "Dogo, mzuie, jaji huyo!"

Mkono wa Shangazi ulikuwa bado juu. Nikabonyeza Zuia. Ukashuka taratibu, kama mtu aliyesalimia asiitikiwe.

Tulishinda. Watu walinibeba juujuu, nikawa natafuta pa kulilia.

Sasa leo asubuhi mama ameniita chumbani kwake. "Hebu shika hii," akasema, akanipa simu ya dada. Haina betri, kioo cheusi. Ilikuwa na joto, joto lile la simu iliyoshikwa muda mrefu na mtu anayesubiri kupokelewa.

Nimekaa hapa, ruta iko mbele yangu inawaka. Nikigusa jina lake tu, namfungulia. Sijui nimfungulie au nimwache apumzike.

Hebu niambie ukweli. Ungekuwa wewe pale ukumbini, jaji yuko nyuma yako na mkono ule uko juu unakusalimia, ungebonyeza?