Mjusi wa Alvin

Lorine alipoondoka Siaya kwenda kufanya kazi za nyumbani Jeddah, mwanawe Alvin alikuwa bado anatambaa. Sasa alikuwa mtoto wa mbio, na kila Ijumaa mamake alipopiga simu ya video, mbio hizo alizielekeza nje. Bibi yake, aliyemwita Dani, alimbembeleza wee, wapi! Mtoto ataongea nini na uso wa kwenye simu? Iliuma, tusidanganyane.

Kilichomrudisha ni mjusi. Mjusi kafiri mmoja alihamia kijichumba cha Lorine, nyuma ya jikoni katika nyumba aliyofanyia kazi mtaani Al-Nuzha, na Ijumaa moja Alvin akamwona darini, mgongo chini miguu juu, anajiendea zake kana kwamba yuko barabarani. Tangu hapo mtoto ndiye aliyenyakua simu. Chura anaruka, nyoka anajikokota kwa tumbo, bata wa Dani anayumba kama mlevi, hayo aliyajua. Lakini huyu!

"Mama, leo anatembea aje?"

Na Lorine, ambaye wiki nzima hakuulizwa hali na mtu, akawa na mengi ya kusimulia.

Kisha madam, mwajiri wake, naye akamwona mjusi. Katika dini yao kumuua ni thawabu. "Yalla, Lorine! Muue!" akaamrisha, akarudi sebuleni kungoja. Lorine alirusha ndara akikusudia kukosa. Hakukosa kabisa: mkia ulikatika ukarukaruka sakafuni, mwenyewe akapotelea kwenye ufa. Lorine akauokota kwa tishu, akaupeleka. Madam alichungulia, akakunja pua.

"Halas?"

"Halas, madam," Lorine akadanganya kwamba amekwisha.

Mjusi hakurudi. Angerudi kwa nani, kwa mtu aliyemtwanga kwa ndara? Lorine alilala akiitazama dari tupu, na akajichukia.

Ijumaa ikafika. Baada ya chakula cha mchana, wenye nyumba walipojilaza, akapiga simu.

"Mama, mjusi ako wapi?"

"Leo hayuko. Ameenda zake."

Aliona macho ya mtoto yakigeukia mlango. Hofu ikamshika.

"Ngoja, Alvin! Niangalie mimi. Umewahi kuniona nikitembea?"

Hakuwahi. Mama aliyemjua yeye alikuwa uso na mabega. Lorine akaiegemeza simu kwenye sanduku lake, akatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, akarudi. Alvin alikodoa macho, kisha akaleta sikio karibu.

"Mama, mbona miguu yako hailii?"

Madam hakupenda kumsikia mfanyakazi akipita. Lorine alishajizoeza kukanyaga bila kishindo, bega likiambaa ukuta, na hakujua kwamba hata akiwa peke yake chumbani alitembea hivyo hivyo.

Alvin akaangua kicheko. "Dani! Dani, kuja uone! Mama ndiye mjusi! Tena, mama! Tena!"

Lorine akageuka, akaenda tena mlangoni. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakusimama, maana mtoto alikuwa bado anamtazama.