Mkono wa Beatrisi

Mara tatu Eliana alikuwa amesimama mbele ya watu wa Gatete, mwalo wa wavuvi kando ya ziwa, na mara tatu walikuwa wamemwonyesha migongo. Haikuwa chuki. Ndagala, dagaa wa ziwa lile, zikishushwa kutoka mitumbwini asubuhi hazimngoji mtu. Zisipoanikwa jua likiwa changa, zinaoza. Anayekuja saa hiyo na karatasi mkononi kuzungumzia kunawa mikono anampigia mbuzi gitaa.

"Dada wa redio amekuja tena," Lameki alisema kila alipomwona. Lameki alikuwa na mitumbwi miwili na mdomo wa watu kumi. Jina hilo alimpa kwa sababu ya Kiswahili chake cha watangazaji: Eliana alizaliwa kambini Tanzania, akarudi Burundi na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili, na ulimi wake haukuwahi kurudi.

Safari ya nne aliiacha karatasi nyumbani. Kipindupindu, au kolera kama wanavyokiita pwani ile, kilikuwa kimeshazika watu saba katika eneo hilo tangu mvua zianze, na wote saba walifia nyumbani. Hilo ndilo lililomkosesha Eliana raha. Ni ugonjwa unaotibika kwa maji, chumvi, sukari na dripu, lakini watu waliwaficha wagonjwa wao hadi wakakosa nguvu za kumeza. Waliyaogopa mahema ya matibabu. "Unaingia kwa miguu, unatoka kwenye mfuko," walisema. Shirika la misaada lilikuwa limemwajiri kwa jambo moja tu: watu wawalete wagonjwa saa ile ile wanapoanza kuumwa.

Melkiades, msimamizi wake, alikuwa amewafundisha vijana wapya kwa siku tatu Bujumbura. "Watu hawakumbuki walichoambiwa," aliwaambia. "Wanakumbuka walichokifanya. Usiwahutubie. Chagua mmoja wao, mwenye uso wa kucheka, mpe kazi. Wengine watafuata wenyewe."

Mwenye uso wa kucheka alikuwa Beatrisi. Aliuza ndagala, naye pia alikulia kambini, na mara zote tatu yeye peke yake ndiye aliyemletea Eliana kigoda. Eliana alimchagua kwa mapenzi.

"Mama Irakoze," akamwita kwa jina la binti yake, "njoo unisaidie."

"Unanipa nini?"

"Mawese."

"Ya bure? Nakuja mbio."

Watu wakaanza kugeuka. Eliana akauchovya mkono wa kulia wa Beatrisi kwenye bakuli la mawese, mafuta mekundu kama damu ya kuku, akamwambia awasalimie wenzake. Beatrisi akawashika mikono wa kushoto na wa kulia, nao wakawashika wengine, huku wakipiga kelele na kusukumana. Eliana akawaacha waendelee na kazi zao kidogo. Kisha akainua kipaza sauti.

"Sasa tazameni mlipogusa."

Rangi nyekundu ilikuwa kwenye kikombe cha maji, kwenye shavu la mtoto mchanga, kwenye mpini wa kasia. Bibi mmoja akaiona kwenye muhogo aliokuwa akiutafuna, akautema. Mwalo mzima ukaangua kicheko.

"Kumbe kolera iko inatoka kwa Beatrisi," Lameki akasema. "Na sisi tulikuwa tunalisingizia ziwa bure."

Wakacheka tena, zaidi ya mara ya kwanza. Eliana alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi mbele ya watu: macho mia mbili, yote kwake. Kicheko ni upepo, usipokikamata kinapita. Akakikamata.

"Leo huyu ndiye Mama Kolera," akasema. "Mukimwona anakuja, munafanya nini?"

"Tunanawa."

"Sisikii."

"Tunanawa!"

Beatrisi naye alicheka, mkono ameuweka mbali na kitenge chake kisichafuke. Wengine walipotulia, yeye alichutama ukingoni akajisugua kwa mchanga.

Eliana akamalizia kwa lile lililomleta: mgonjwa aletwe mara moja, asifichwe. Walimpigia makofi. Melkiades alipoiona video iliyopigwa kwa simu siku ile alisema, "Wewe umezaliwa na kitu hiki," akaituma kwa wakubwa. Katika siku kumi zilizofuata Eliana aliurudia mchezo ule kwenye mialo sita.

Siku ya kumi na moja alikuwa akielekea Muhuta, amepakiwa kwenye baiskeli kwa kuwa petroli ilikuwa imekosekana wiki nzima. Walipopita Gatete akawaona watoto kando ya barabara wakisugua viganja vitupu. "Mama Kolera anapita! Tunanawa!" Moyo wake ukajaa. Safari tatu za maneno, hakuna aliyeshika kitu. Sasa watoto wanaimba somo. Akageuka kumtazama wanayemwimbia.

Beatrisi alikuwa amekaa peke yake, mbali na mwalo, na beseni la ndagala lililojaa hadi ukingoni, ingawa ilikaribia saa sita mchana. Binti yake Irakoze, wa miaka minne, alikuwa amelala juu ya paja lake. Eliana akamwomba mwenye baiskeli asimame.

"Amahoro, Mama Irakoze. Mbona umehamia huku?"

"Kule hawanunui. Mutu akishika ndagala zangu, mwenzake anamwambia hizo za Mama Kolera. Basi anaziacha. Wanacheka, lakini wanaziacha."

"Ni mchezo tu, mama. Watachoka."

"Ungepita pale ukawaambia waache. Wewe wanakusikia."

Eliana akalitazama jua. Muhuta walikuwa wakimngoja. "Nitakuja wiki ijayo," akasema. "Lakini umeona? Bado wanakumbuka."

"Ndiyo," Beatrisi akasema. "Wanakumbuka."

Akamfungia Eliana ndagala kwenye jani la mgomba, akakataa pesa. "Chukua tu. Jioni nitazitupa."

Wiki iliyofuata Eliana hakwenda Gatete. Aliitwa Bujumbura kuwaonyesha wengine namna ya kushika umati. Huko ndiko Melkiades alikompigia simu.

"Umesikia Gatete? Amekufa mtoto mmoja, jana. Familia ilimficha siku mbili. Andika hiyo kwenye ripoti, inaonyesha bado kuna kazi."

"Mtoto wa nani?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Irakoze. Mama yake anaitwa Beatrisi." Kisha, kana kwamba jina lile limemgonga kidogo: "Si yule wa kwenye video?"

Eliana alifika baada ya maziko. Mtoto alikuwa amezikwa na watu wa afya wenye mabuti na dawa ya kunyunyiza, bila mama yake kumwosha. Sasa waombolezaji walikuwa wamerudi nyumbani kwa wafiwa, wamenawa, wamekaa uani, na kama ilivyo desturi mmoja baada ya mwingine alikuwa akisimama kusema neno. Jirani mmoja alimnong'oneza Eliana yaliyotokea. Beatrisi alifunga mlango. Nguo za mtoto alizifua kabla ya mapambazuko ili asionekane. Dada yake alimsihi ampeleke kwenye mahema, naye akajibu: "Nikimubeba nikapita pale mwaloni, watasema si tulijua ni yeye."

Eliana akamwendea Pontiani, kaka yake Beatrisi, aliyekuwa akiongoza shughuli, akaomba kusema.

Pontiani alimtazama mikononi. "Umekuja na mikro?"

"Sikuja na kipaza sauti."

"Sema basi."

Walikuwa watu wale wale wa mwalo. Eliana alisimama na hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mnanijua," akasema. "Mafuta nilimpaka mimi. Jina lile nilimpa mimi. Mlikuwa mnacheka, nikataka msiache kucheka." Akaanza tena palepale, kama mwanafunzi aliyesahau somo. "Beatrisi hakuleta ugonjwa. Hakuwa nao. Aliniomba niwaambie mwache, sikuwaambia. Mtoto angepona. Dawa ilikuwepo, mwendo wa saa moja kwa miguu. Kama kuna mwingine ndani ya nyumba..."

Lameki aliinuka kwenye benchi akatoka, bila kuaga. Watu wawili wakamfuata kwa macho. Eliana akamalizia maneno aliyobaki nayo bila kujua ameyapanga vipi. Watu walitazama chini, mmoja akakohoa.

Beatrisi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwona alipotoka.

"Umesema vizuri," akasema. "Hata siku ile ulisema vizuri."

Akarudi ndani.

"Kaa chini, dada," Pontiani akasema, bila ukali. Mzungumzaji mwingine akasimama kuwashukuru waliochimba kaburi. Eliana alikaa. Alitaka kuondoka, lakini aliona kwamba kuondoka kungekuwa kutafuta nafuu yake mwenyewe.

Mzungumzaji hakuwa amemaliza Lameki aliporudi. Hakuingia, alisimama penye ua.

"Pontiani. Nipe watu wanne."

"Wa nini?"

"Wa kubeba. Mama yangu."

"Iko na nini?" mtu akauliza, ingawa hapakuwa na asiyejua.

Lameki mwenye mdomo wa watu kumi akatafuta neno. "Hiyo," akasema. "Hiyo hiyo."

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeinuka. Wanaume walitazama viganja vyao. Kila alichofundishwa Eliana cha kuwainua watu kilikuwa kimemkauka, na pengine ilikuwa afadhali. Aliyesimama kwanza ni Pontiani, mwenye msiba. Alivua koti lake la maziko, akalikunja, akaliweka kwenye kiti. Wakafuata wawili, kisha wa tatu.

Walimlaza mama mzee kwenye machela ya kusuka wakashika njia. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, macho yameingia ndani. Eliana alitembea ubavuni na chupa ya maji ya chumvi na sukari, akimpa kijiko kwa kijiko. Vingine vilirudi, vingine vilishuka. Saa nzima walipokezana bega.

Muuguzi aliwapokea mlangoni pa hema. "Ameanza lini?"

"Leo asubuhi," Lameki akasema.

Muuguzi akaandika. Pontiani, mti wa machela bado uko begani mwake, alimgeukia. "Lameki. Mimi nimezika leo. Sema."

Lameki alimtazama mama yake, si muuguzi.

"Juzi," akasema. "Tulimuficha."

Muuguzi akafuta alichoandika, akaandika upya. Wakamwingiza. Kwenye upenyo wa turubai Eliana aliona sindano ikitafuta mshipa kwenye mkono wa kushoto wa bibi, ikaukosa, ikahamia wa kulia.