Chumvi ya Singidani, Barafu ya Mshtarii

Rahabu hakuwa mwalimu. Alikuwa mtunza maabara wa sekondari ya binafsi pale Singida mjini, mojawapo ya zile zilizochipuka serikali ilipolegeza kamba, na kazi yake ilikuwa kuosha vyombo na kufunga mlango. Mwaka tisini na nane aliona gazetini picha ya mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii. Mwezi mzima ni barafu, umechanjwa mistari ya rangi ya kutu, na wataalamu walidhani mistari ile ina chumvi, pengine ya haluli, ile inayouzwa kama dawa ya kuharisha. Rahabu alikulia Iramba, akimsaidia mama yake kuchuja udongo wa chumvi na kuuchemsha. Akajiuliza: maji ya chumvi yakiganda, chumvi yenyewe huenda wapi?

Shule haikuwa na friji. Akabeba ndoo hadi dukani kwa Bi Nasma, aliyeuza soda na barafu za vifuko.

"Shikamoo, Bi Nasma."

"Marahaba. Hiyo ndoo ya nini?"

"Maji ya ziwa Singidani. Naomba nafasi kwenye friza yako."

Bi Nasma aliyaonja kwa ncha ya kidole, akatema. "Haya utamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu. Nataka kujua mwezi wa mbali umegandaje."

Bi Nasma akasogeza kreti. "Weka pale chini. Ukinimwagia, utapiga deki mwenyewe."

Rahabu aligandisha makopo mawili ya maji yale. Moja aliliacha bila kulifunika, likagusa ukuta wa friza. La pili alilivika blanketi. Lile lisilofunikwa liliganda upesi, jeupe kama maziwa, na barafu yake ilikuwa ya chumvi kila upande. Lile la blanketi liliganda polepole kutoka pembeni, angavu, na katikati likabaki dimbwi la maji makali ya kuunguza ulimi. Akafanya jaribio hilo mara saba, akaandika kila kitu daftarini. Barafu ikienda taratibu huifukuza chumvi. Ikikurupuka, huifungia ndani.

Maonyesho ya sayansi ya mkoa yalipokaribia, Rahabu alijiandikisha na kukabidhi daftari lake, na mkuu wa shule, Mwalimu Mazengo, akamwita ofisini.

"Kazi yako ni nzuri, ila ondoa huo mwezi. Andika 'Utengenezaji wa barafu za biashara'. Sisi hata maji ya bomba yanatushinda, wewe unahangaika na Mshtarii?"

"Sikuchunguza biashara, Mkuu."

"Wewe ni mwosha vyombo, Rahabu. Usinichoshe."

"Vyombo nimeviosha, Mkuu. Na mwezi siuondoi."

Basi jina lake likafutwa kwenye orodha. Siku ya maonyesho Rahabu aliomba ruhusa ya siku moja, akafungasha makopo ya barafu ndani ya pumba za mbao, akaweka meza yake nje ya ukumbi, karibu na lango. Juu yake alibandika karatasi: BARAFU YA CHUMVI KATIKA MWEZI WA MSHTARII.

Saa nne umeme ukakatika. Ukumbini giza likaingia, watu wakamiminika nje. Rahabu akavunja barafu, akawapa vipande viwili viwili, cheupe na angavu, waonje. Mwalimu Mazengo alisimama mbele yake, amekunja uso.

"Nilikwambia nini?"

"Onja kwanza, Mkuu, ndipo unifukuze."

Watu walikuwa wanatazama. Akaonja kipande cheupe, akakunja uso zaidi. Akaonja kile angavu. Akakilamba tena.

"Hiki hakina chumvi," alisema mwishowe.

"Kina kidogo sana. Na vyote vimetoka ndoo moja."

Tuzo walipewa wengine. Jumatatu Rahabu alipewa barua ya onyo kwa kuionyesha kazi bila idhini. Aliisoma akiwa amesimama, akaitia saini, na chini ya saini akaongeza mstari mmoja kwa mwandiko wake wa wazi: "Jaribio la nane litaongeza chumvi ya haluli kwenye maji ya ziwa." Kisha akachukua ndoo, akaelekea ziwani.