Kovu la Mti Namba 114

Mara ya nne kifuko kizito cha kurushia kamba kiligonga tawi na kurudi chini. Raylene alikiokota kwenye nyasi zilizoganda kwa jalidi, akapuliza vidole vyake, akaanza upya kukusanya ile kamba nyembamba iliyofungwa kwenye kifuko. Siku nyingine angerusha mara mbili tu, kamba ikapita kwenye panda, hata mti uwe mrefu vipi. Kwa miezi ishirini hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akijifunza: kupanda miti mikubwa kwa kamba na mkanda, kuikata kipande kwa kipande kuanzia juu, na kuishusha bila kuua mtu.

"Leo una nini, Ray?" Gavin, bosi wake, alipiga kelele kutoka kwenye lori. "Ukimwona mkaguzi mikono inakufa ganzi?"

Mkaguzi alikuwa ndani ya gari lake, hita imewashwa, fomu ziko mapajani. Mti huu ulikuwa mtihani wa mwisho. Raylene akishuka salama na kazi ikiwa safi, mkaguzi angetia sahihi, naye angekuwa na cheti cha fundi. Cheti hicho kilitakiwa mahakamani Alhamisi, kwenye kesi ya kuomba arudishiwe mtoto. Mwanawe Koby alichukuliwa na watu wa ustawi wa jamii akiwa na miaka miwili. Sasa alikuwa anakaribia minne, analelewa na mke na mume huko Geelong, na mama yake aliruhusiwa kumwona saa moja tu kila baada ya wiki mbili, ndani ya chumba chenye dirisha la kuchungulia. Wakili wake alimwambia bila kuficha: kama huna cheti wala ajira ya kudumu, usijisumbue kuja.

Kwa hiyo alikuja kupanda. Hakutaka kuutazama mti wenyewe, mkaratusi mwekundu mnene kuliko lori la Gavin, wenye namba 114 iliyopigwa rangi nyeupe kwenye shina. Ulikuwa umesimama palepale ambapo barabara mpya ingepita.

Alikuwa amekwisha kuutazama Jumapili, na hilo ndilo lililomharibia mikono. Shangazi Beryl alimleta hapa. Hakuwa shangazi yake wa damu. Wazee wote wa kike wa watu wake, wenyeji wa asili wa Australia, huitwa hivyo. Alimshika mkono na kuuingiza kwenye sehemu ya shina iliyokosa gome, usawa wa kifua, yenye umbo la yai refu, urefu wa mkono wa mtu mzima. Kingo zake zilikuwa zimevimba na kujikunja kwa ndani.

"Papasa hapa juu," Shangazi alisema. "Unasikia vijipengo? Hilo ni shoka la jiwe. Zamani mwenzetu mmoja alibandua gome hapa akatengeneza chombo cha kumlaza mtoto. Alibandua kidogo tu, mti usife. Na haukufa."

Raylene aliacha vidole vyake mle ndani muda mrefu.

"Sasa hawa wanasema ni kidonda," Shangazi aliendelea. "Wameandika kwenye ripoti. Kidonda! Namtafuta aliyeandika, nimwone ana macho ya namna gani."

Raylene alichomoa mkono. Aliyeandika ni yeye.

Ilikuwa miezi mitatu nyuma, siku ya mvua, Gavin akimfundisha kukagua miti. Miti mia moja na sitini kandokando ya barabara, fomu moja kwa kila mti. Kitabu chao kilieleza vizuri kabisa: gome likikosekana na kingo zikijikunja, hicho ni kidonda cha zamani, kidonda ni kasoro, weka alama. Aliweka alama. Gavin aliangalia juu ya bega lake akasema, "Safi, jicho lako limeanza kukaa sawa," na Raylene alifurahi siku nzima. Nani angemwambia kitu kingine? Alikulia kwenye nyumba tatu za walezi, zote za watu wema waliompeleka kanisani na kumpigia pasi sare ya shule, na hakuna hata mmoja aliyempeleka mtoni kumwonyesha mti. Alisoma mti kama alivyofundishwa.

Sasa Shangazi Beryl alikuwa pale tena, ameketi kwenye kiti cha kukunja nje ya uzio, blanketi magotini. Ofisa wa mradi wa barabara alikuwa amesimama mbele yake, fulana yake ya njano bado mpya.

"Mama, tumelizungumza hili," alisema. "Hatukuleta mtu wa mbali. Mti ulikaguliwa na mmoja wenu."

"Nani?"

"Yule pale." Alimwonyesha Raylene kwa kidole, kwa fahari kabisa. "Ndiyo maana tuliipa kampuni hii kazi. Wameajiri wenyeji wa asili."

Raylene aliiacha kamba ikaanguka, akamwendea Gavin nyuma ya lori.

"Nataka kurekebisha ile fomu. Ya huu mti."

Gavin alikuwa anatia mafuta kwenye chenso, msumeno wa injini. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Urekebishe uandike nini?"

"Kwamba si kidonda. Nilikosea."

"Kuna kisanduku cha hicho unachotaka kuandika?"

"Kuna 'Mengineyo'."

"Ray, sikiliza." Alifunga kifuniko cha mafuta, akafuta mikono kwenye suruali. "Mimi nakupenda, unajua. Nimekufundisha kama mdogo wangu. Ukimwambia yule bwana kwenye gari kwamba ulikosea, ataandika hujui kusoma mti. Na hatakuwa amekuonea. Ukikataa kupanda, Dale atapanda, na saa sita mchana tutakuwa tunakula mkate juu ya kisiki. Vibali vyote vimeshatoka. Mti unaanguka leo. Kilichobaki kuamuliwa ni wewe tu."

"Hunilazimishi."

"Sijawahi kukulazimisha kitu."

Ni kweli, hakuwahi. Raylene alitafuta pa kumshika hakupaona. Alivuka kwenda kwenye uzio huku vyuma vya mkanda wake vikigongana kiunoni.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Shangazi.

"Nilikuwa najifunza, Shangazi."

"Najua. Walikufundisha vizuri."

Lori lilipita barabarani, wakasubiri lipite. Shangazi alifunga chupa yake ya chai.

"Kesi ya mtoto lini?"

"Alhamisi."

"Na hicho kikaratasi wanakitaka?"

"Wanakitaka."

Kikongwe aliinuka kwa shida na kukunja kiti chake. Raylene alitaka kumsaidia lakini uzio ulikuwa katikati. "Basi panda, mwanangu," alisema Shangazi. "Mwana ni mwana. Ila mimi siwezi kukaa hapa nikaangalia."

Aliondoka kuelekea kwenye gari la mjukuu wake bila kugeuka. Raylene alitamani angetukanwa. Tusi angelijibu, angepata japo hasira ya kupandia.

Mara ya tano kamba ilipita.

Alipanda vizuri. Hilo lilimuuma baadaye kuliko yote, jinsi mwili ulivyofanya kazi yake bila kumwuliza. Alianza na matawi ya nje, akakata chini kwanza kisha juu, akayashusha kwa kamba hadi mikononi mwa Dale, naye Dale akayapeleka kwenye mashine ya kusaga. Kasuku waliokuwa na matundu mle juu walizunguka wakipiga kelele hadi wakachoka. Saa nne mradi ulimleta kijana mwenye kamera. "Dada, tazama huku! Tabasamu kidogo!" Raylene hakutabasamu, lakini alitazama.

Alikata shina vipande vya mita mbili mbili akishuka nalo. Alipofika chini, kipande cha mwisho kilikuwa kile chenye kovu. Alikikata akiwa amesimama ardhini, mgongo umewaelekea wenzake. Kilipakiwa na magogo mengine yaliyokuwa yakienda kuuzwa kuni.

"Mikato imenyooka sana," mkaguzi alimwambia, akatia sahihi juu ya boneti ya gari.

Alhamisi alivaa sketi ya kuazima. Cheti alikiweka mezani ndani ya mfuko wa plastiki, na hakimu alikisoma pande zote mbili.

"Kwa upande wa ajira, mahakama imeridhika," alisema. "Hongera."

Raylene alipumua. Kisha wakili wa ustawi, msichana mwenye sauti laini, akasimama na kuweka gazeti la mji kando ya cheti. Kwenye ukurasa wa mbele alikuwepo Raylene, kofia ngumu kichwani, chenso mkononi, anga lote nyuma yake. Chini yake kulikuwa na barua ya wazee wakilalamikia kukatwa kwa mti wa wahenga wao.

"Mheshimiwa, hatumlaumu mama," alisema msichana. "Lakini sheria inataka mtoto huyu akue akiujua utamaduni wa watu wake, na walezi wake wamelichukua jambo hilo kwa uzito." Alitoa picha nyingine kwenye faili. Koby, amepakwa rangi mashavuni, ameshika bumarangi ya kadibodi, mfano wa silaha ya kurusha ya wenyeji wa asili, na anacheka. "Wanampeleka darasa la utamaduni kila Jumamosi."

Hakimu aliitazama picha hiyo muda mrefu kuliko alivyokitazama cheti. Alivua miwani.

"Bi Raylene," alisema kwa upole. "Akirudi kwako, ni nani atakayemfundisha?"

Raylene alisimama. Alimtazama wakili wake, na wakili alikuwa ameinama akipekua makaratasi. Karani alikuwa ameweka vidole juu ya vitufe, akisubiri jibu ili aliandike.