Logi Zilizompandisha Wivu Seremala

Tangu mkewe aanze masomo ya watu wazima, seremala alikosa raha. Nyumba nzima ilikuwa "mwalimu kasema" hiki na kile. Wivu ulimpanda mpaka kofia ikawa inaelea juu ya kichwa.

Jioni moja alimkuta mkewe akitafuta x: tatu kwa kipeo cha x ni ishirini.

"Lete hapa. Kwani huyo mwalimu wako kazaliwa na hesabu?"

Akashika kikokotoo, akapata logi ya ishirini, kisha akatoa humo logi ya tatu. "Sifuri nukta nane mbili. Kamwambie."

"Baba watoto, tatu kwa kipeo cha moja ni tatu. Chako hakifiki hata moja, hiyo ishirini itatoka wapi?"

Seremala akakuna sikio. "Yeye hufanyaje?"

"Logi inakishusha kipeo, ndipo unagawanya logi ya ishirini kwa logi ya tatu. Hatoi. Mbili nukta saba tatu."

"Akikuonyesha, anakaa karibu?"

"Anasimama ubaoni, mume wangu. Wewe ndiye umekaa mbali."

Seremala akasogeza kiti mpaka mabega yakagusana. "Nipe nyingine. Na kesho usimwambie kwamba nilitoa."